Mboga Zilizobaki: Zipi Ziingie Kwenye Friji na Zipi Zibaki Nje

Mboga ikishavunwa haijafa. Inaendelea kupumua, inakula sukari yake yenyewe na kupoteza maji. Joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi hiyo ya kupumua huongezeka takriban mara mbili au tatu, ndiyo maana mchicha ulioachwa mezani tangu asubuhi jioni huwa umelala. Anayetaka mboga zilizobaki zidumu ana kazi mbili: kuzipoza, na kuhakikisha hazikauki ndani wala kulowa nje. Hiyo ya pili ndiyo inayowashinda wengi.

Mboga za majani ndizo zenye haraka ya kuharibika, kwa hiyo zishughulikie kwanza. Usizioshe kabla ya kuzihifadhi. Maji yanayobaki katikati ya majani huwapa ukungu na bakteria nafasi ya kuzaliana, na kesho yake utakuta utelezi. Zichambue: ondoa majani ya njano, yaliyochubuka na yaliyoanza kuoza, kwa sababu uozo huambukiza majani ya jirani. Kisha zifunge kwa kitambaa safi kikavu au karatasi ya jikoni, uzitie kwenye mfuko wenye matundu madogo na kuziweka kwenye droo ya chini ya friji. Kitambaa hunyonya unyevu unaotoka kwenye majani, nao mfuko huyazuia yasikauke. Kitambaa kikilowa, kibadilishe. Kama umeshaziosha, zikung'ute na uzitandaze hadi zikauke juu, ndipo uzifunge.

Majani yaliyolegea tu bado ni mazima. Yaloweke kwenye maji ya baridi kama nusu saa, yatanyonya maji na kusimama tena. Yenye utelezi au harufu mbaya usihangaike nayo, yapeleke kwenye mboji.

Karoti, bitiruti na figili zikatwe majani siku hiyo hiyo, kwani majani huendelea kuvuta maji kutoka kwenye mzizi hadi ukasinyaa. Kabichi nayo ukiwa unaitumia kidogo kidogo, ni afadhali kubandua majani ya nje kuliko kuipasua katikati. Ikishapasuliwa, funika vizuri upande uliokatwa.

Si kila kitu ni cha friji. Viazi mviringo vikikaa kwenye baridi kali, wanga wake hugeuka sukari, na ukivikaanga huwa vyeusi na vichungu. Vinataka mahali pakavu, penye giza na hewa. Vikipigwa na mwanga hugeuka kijani na kujenga sumu ya solanini, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Vitunguu navyo vinataka ukavu na hewa, lakini viwe mbali na viazi, maana unyevu wa viazi huvifanya viote na kuoza. Nyanya ambazo hazijaiva zikae nje. Zilizoiva sana zinaweza kuingia kwenye friji siku mbili tatu. Matango, bilinganya na pilipili hoho hazipendi baridi chini ya nyuzi 7 hivi: hulainika na kutoka madoa yaliyobonyea. Ukiziweka kwenye friji, zitumie mapema.

Jambo lisiloonekana kwa macho ni ethilini, gesi inayoharakisha kuiva na kuzeeka kwa mimea. Ndizi, parachichi, tufaha na nyanya zinapoiva huitoa kwa wingi. Majani yaliyo karibu hugeuka njano, na karoti huwa chungu. Matunda yawe na kikapu chake.

Asiye na friji anaweza kutumia vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi wala kung'arishwa, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga wenye maji katikati, na kitambaa kibichi juu. Maji yakipenya na kukauka huondoka na joto. Njia hii hufaa palipo na hewa kavu. Penye unyevunyevu mwingi haisaidii sana.

Mboga zilizokatwa au kupikwa zina sheria kali zaidi. Zisikae nje zaidi ya saa 2, au saa 1 kukiwa na joto linalozidi nyuzi 32. Usiingize sufuria nzima ya moto kwenye friji, kwani katikati yake huchelewa kupoa. Gawa kwenye vyombo vifupi, funika, weka kwenye nyuzi 4 au chini yake, na umalize ndani ya siku 3 hadi 4. Usitegemee pua pekee: bakteria wengi wanaoleta ugonjwa hawabadilishi harufu ya chakula.

Mboga mbichi zikiwa nyingi kuliko mtakazokula, zigandishe. Zitumbukize kwenye maji yanayochemka dakika 2 au 3, uzihamishie kwenye maji ya baridi sana, uzichuje zikauke, kisha uzifungashe kwa kiasi cha mlo mmoja mmoja. Maji ya moto huzima vimeng'enya vinavyoharibu rangi na ladha hata ndani ya friza. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri zitakaa miezi kadhaa, na unaweza kuzipika bila kuziyeyusha kwanza. Matango na majani ya saladi usijisumbue kuyagandisha, yakiyeyuka huwa rojorojo. Hayo yaliwe kwanza.