Kabla hujawafungia ng'ombe zizini na kuwafungulia gunia la pumba

Mei mvua imekwisha, mahindi yanavunwa Kongwa, pumba zimejaa mashineni na mabua yamelala shambani. Ndipo kila mwenye madume matano Dodoma anapoamua kunenepesha. Vizuri, ila anza na hesabu.

Dume wa kilo 250 hula chakula kikavu kiasi cha asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wake, yaani kilo 6 hadi 7 na ushee kwa siku. Madume 10 kwa siku 90, kila mmoja akila wastani wa kilo tatu na nusu za mchanganyiko wa pumba (vipimo vyake viko chini), ni kilo 3,150. Mabua weka kilo nne kwa kichwa, maana mengine watayakanyaga: kilo 3,600. Kama huna vyote stoo au hela yake mkononi, punguza madume. Ukikosa pumba siku ya 50, utawarudisha malishoni wakati malisho ni vumbi, na nyama uliyoinunua kwa pumba itayeyuka.

Maji yawepo muda wote, lita 40 au zaidi kwa kichwa wakati wa joto. Dawa ya minyoo siku ya kwanza. Kupe usiwasahau.

Mabua yakatwe mapema. Yakisimama shambani hadi Agosti, majani hupukutika, mchwa wanapanda, na mifugo ya jirani inamaliza kilichobaki. Jani ndilo chakula. Shina ni la kujaza tumbo. Panga mabua kwenye kichanja kilichoinuka kutoka ardhini, chini ya kivuli, na uyakate vipande vya sentimita mbili hadi tano kabla ya kuweka horini. Ukiyaweka mazima, ng'ombe atachambua majani na kukuachia fito.

Mabua ya mtama yana mambo yake. Maotea mabichi yanayochipua baada ya mavuno, au mtama mchanga ulionyauka kwa ukame, hubeba sumu inayoweza kumwangusha ng'ombe kabla hujafika kwa bwana mifugo. Sumu hiyo hupungua sana majani yakikaushwa vizuri. Lakini mahindi yaliyokaukia shambani kwa kukosa mvua huweza kubeba sumu nyingine, naitreti, kwa wingi kwenye sehemu ya chini ya shina, na hiyo haiondoki kwa kuanika. Kata juu, kisiki kiache, na usiwape wenye njaa kwa mkupuo.

Sasa pumba. Hapa ndipo wengi wanapoulia ng'ombe, tena kwa nia njema.

Tumbo kubwa la ng'ombe limejaa vijidudu vinavyovunja nyasi na mabua. Ng'ombe aliyetoka malishoni hana vijidudu vya kutosha vya kumudu wanga mwingi. Sasa piga picha: mlango wa stoo umefungwa kwa kipande cha kamba, dume mmoja anausukuma usiku, anakuta gunia la mahindi yaliyosagwa. Anakula mpaka anashiba. Asubuhi mwenye ng'ombe anaona tumbo limejaa, anafurahi. Ndani, wanga unachachuka haraka, tindikali inapanda, vijidudu vya nyasi vinakufa, na tindikali ile inavuta maji kutoka kwenye damu kuyaingiza tumboni. Dume anakaukiwa huku tumbo linabubujika maji ukilisukuma kwa ngumi. Kati ya saa 12 na 36 baada ya kula anaacha kucheua, anayumba kama mlevi, kinyesi kinatoka chepesi, cha kijivu, chenye chenga na harufu ya togwa lililopitiliza. Akishalala na kugeuzia kichwa ubavuni, hali ni mbaya sana. Anayepona mara nyingi hubaki na kwato zinazouma au majipu kwenye ini. Anakula kila siku na hanenepi.

Ukimkuta hivyo, ondoa pumba yote, mpe nyasi kavu, asibugie maji mengi kwa mara moja, na ita daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Usisubiri kuona kama itapita.

Kinga ni uvumilivu wa wiki tatu. Siku tatu za kwanza mpe kilo moja tu ya mchanganyiko, mabua kadiri atakavyo. Ongeza nusu kilo kila baada ya siku tatu hadi ufike kilo nne. Gawa asubuhi na jioni, mabua yatangulie. Kinyesi kikilainika, rudi hatua moja nyuma. Mabua yasipungue theluthi moja ya chakula chote, hata pumba ikishuka bei. Mahindi yaparazwe yawe chenga. Unga laini huchachuka haraka zaidi. Na pima kwa mizani, si kwa debe, kwa sababu debe la pumba na debe la chenga hayana uzito mmoja.

Kwa kilo 100 za mchanganyiko: pumba 60, mashudu ya alizeti 25, chenga za mahindi 12, chokaa ya mifugo 2, chumvi 1. Chokaa usiiruke. Mahindi na pumba vina fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na maksai akila hivyo kwa muda hupata vijiwe vinavyoziba mkojo. Ukiona maksai anajikamua, anapiga teke tumbo lake na mkojo ni matone, ujue ni vijiwe.

Chukua konzi ya pumba uifumbate kabla hujalipa. Ikishikamana kama tonge, ina unyevu. Ikinuka uvundo, iache hapohapo. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara; mahindi yaliyokataliwa na watu si zawadi kwa ng'ombe. Sumu hiyo haitoki kwa kuanika wala kusaga, na kwa ng'ombe wa maziwa hupita hadi kwenye maziwa.

Mbolea ya yurea ya kulainisha mabua ni kilo nne kwa lita 60 za maji, inyunyizwe sawasawa juu ya kilo 100 za mabua makavu, ifunikwe kwa turubai bila upenyo kwa siku 21, kisha ianikwe siku moja hadi harufu kali ipungue. Ndama wa chini ya miezi sita na punda wasiguse. Maji ya yurea yasiachwe kwenye ndoo hata dakika moja.

Halafu kuna vitu vidogo vya kuondoa au kurekebisha: uzi wa kushonea magunia, vipande vya nailoni, waya ndani ya mabua, popo na panya stoo, kamba ile ya mlangoni. Na kibali cha kusafirisha mifugo kitafutwe kabla ya siku ya mnada, si lori likiwa limeshafika.