Namna ya kusoma vitabu vya uwekezaji ukiwa Bongo, usiishie kuhamasika tu

Kwanza kabisa tafuta kalamu na daftari, kama huna usianze. Mi kuna mwaka nilisoma vitabu saba vya mambo ya pesa, kwenye daladala, kwenye foleni ya Mbagala, kitandani na luku ikiwa inakaribia kukata, na mwaka unaisha sina hisa hata moja wala kipande kimoja cha UTT (ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja), nilichobaki nacho ni maneno matamu ya kuwapigia watu kijiweni. Kumbe nilikuwa nasoma kama nasikiliza mahubiri.

Sasa fanya hivi. Vitabu hivi vitenge mafungu mawili, vya kuamsha na vya hesabu. Rich Dad Poor Dad ya Robert Kiyosaki, iliyotoka 1997, hiyo ni ya kuamsha. Ukishaelewa pale anaposema nyumba unayoishi haikuletei hela bali inakula hela (na hapa kwetu ambapo mtu anajenga miaka nane kwa mkopo wa kazini hilo linauma), basi funga kitabu, usitafute cha pili na cha tatu cha aina hiyo maana vyote vinaimba mulemule. Kimoja kinatosha kabisa.

Cha hesabu mi naanzaga na The Intelligent Investor ya Benjamin Graham. Ni cha 1949, kinene, na sehemu nyingine kinachosha kweli, kwa hiyo usikianze ukurasa wa kwanza, utalala. Ruka mpaka sura ya 8 halafu nenda ya 20, hizo ndo Warren Buffett, yule bilionea wa hisa wa Marekani ambaye Graham alimfundisha pale chuo cha Columbia, anazitajaga kila siku. Sura ya 8 inamleta Bwana Soko, yaani fikiria una mbia ambaye kila asubuhi anakugongea mlango anakutajia bei, leo kachangamka anataja bei ya juu, kesho kanuna anataka kukuachia kwa bei ya kutupa, na we hulazimiki kumjibu, unaweza ukaendelea kunywa chai yako. Pembeni ya ukurasa huo andika kwa kalamu: Bwana Soko wa DSE (soko la hisa la Dar) kuna kampuni siku zingine hata hapiti. Unaweza ukampa broka, yaani dalali wa hisa, oda ya kuuza ukakaa siku na siku hakuna mnunuzi. Kwa hiyo hela ya ada ya Januari usiipeleke kwenye hisa, hata kama kitabu kinaongea kana kwamba kuuza ni dakika moja, mwenzio anaongelea New York.

Sura ya 20 nayo kwa kifupi inasema acha nafasi ya kukosea. Ukipiga hesabu ukaona hisa thamani yake ni shilingi 1,000, usiinunue kwa 980, subiri labda 650, kwa sababu hesabu yako ina makosa mahali, we bado hujayaona tu.

Hapa ndo wengi wanaachia kitabu na ndo penyewe pa kukaza. Ukimaliza sura shusha taarifa ya fedha ya kampuni moja ya hapa nyumbani iliyopo DSE, zipo bure, na benki zinatangaza za kila robo mwaka mpaka magazetini. Chukua mstari wa faida kwa hisa, chukua bei ya leo, gawanya. Tuseme bei ni 500 na faida kwa hisa ni 50, unalipa mara 10 ya faida, sasa linganisha na mwaka jana na mwaka juzi, halafu uone gawio, yaani sehemu ya faida wanayowagawia wenye hisa, lilikuwa ngapi na ukumbuke wanakata kodi asilimia 5 kabla halijakufikia. Ukifanya hivyo kwa kampuni tatu tu utashangaa unavyoanza kuelewa kitabu ambacho wiki iliyopita kilikuwa Kigiriki.

Ila angalia mtego huu. Graham ana kipimo chake kwamba mali za muda mfupi (hela na vinavyogeuka hela ndani ya mwaka) ziwe angalau mara mbili ya madeni ya muda mfupi. Kwa kiwanda cha saruji sawa, pima. Lakini DSE benki ndo zinazochangamsha soko, na benki huwezi kuipima hivyo maana hela uliyoweka wewe pale ni deni lake! Nilishakesha usiku mmoja natafuta huo mstari kwenye mizania ya benki, nikajiona mjinga, kumbe haupo. Benki iangalie mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji hawalipi, Benki Kuu (BoT) inataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote, uone inapanda au inashuka.

Kingine, namba za Kimarekani zifute uweke zako. Kuna vitabu vitakwambia hatifungani, yaani kuikopesha serikali au kampuni kwa riba, ni za wazee, zinalipa kidogo, kimbilia hisa. Kwao sawa. Sasa hapa hatifungani ya serikali ya miaka 25 iliwahi kulipa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, kwa hiyo aliyeweka milioni moja alikuwa anapokea 79,750 kila miezi sita, na mfumuko wa bei miaka ya karibuni umekuwa unacheza asilimia 3 mpaka 4. Riba ilikuja ikashushwa baadae, ndo maana nakwambia angalia ya mnada wa sasa sio ya kwenye stori za watu, lakini swali la kumuuliza kila mwandishi ni lilelile, hiyo hisa unayonisifia inazidi hatifungani ya serikali yangu au haizidi?

Peter Lynch, aliyekuwa anaendesha mfuko wa uwekezaji Marekani, kitabu chake ni One Up on Wall Street, huyo ni mtamu kusoma na anachekesha. Watu wanamsoma nusu tu, wanachukua ile ya nunua unachokijua, basi mtu anakunywa bia anasema ngoja ninunue kampuni ya bia. Lynch anasema bidhaa ni pa kuanzia kuchunguza, baada ya hapo unarudi kwenye mahesabu. John Bogle, mwanzilishi wa kampuni ya mifuko ya Vanguard kule Marekani, msome kwa ajili ya gharama za kuwekeza tu, halafu umuulize broka wako kamisheni yake ni asilimia ngapi kununua na ngapi kuuza, uiandike.

Kuhusu pa kuvipata, vya mtumba pale Posta kwenye meza za barabarani ukivumilia utavikuta. PDF za kutumiana kwenye magrupu achana nazo, mbali na kumwibia mwandishi, majedwali ya Graham kwenye simu yanavurugika, unasoma faida ya mwaka huu kwenye safu ya mwaka mwingine.