Ganzi ya mgongo: mambo ya kuzingatia kabla ya upasuaji wa kujifungua

Mama aliyepangiwa kujifungua kwa upasuaji mara nyingi huchomwa ganzi ya mgongo: anabaki macho, ila kuanzia kifuani kwenda chini hasikii maumivu. Tumbo liwe tupu. Upasuaji ukiwa saa 2 asubuhi, chakula mwisho saa 8 usiku, maji au chai ya rangi mwisho saa 12 alfajiri. Uji, hata ule mwepesi, na chai ya maziwa ni chakula. Wengi huteleza hapo. Ganzi ikigoma ikabidi ulazwe usingizi kamili, kilichomo tumboni huweza kupanda na kuingia mapafuni.

Mtaalamu wa usingizi akipita wodini, mwambie hata asilouliza: pumu, mzio, presha, dawa za mitishamba, ganzi iliyowahi kukataa. Kubwa zaidi ni sindano za kuzuia damu kuganda. Enoksaparini, mojawapo ya sindano hizo, ya dozi ndogo hutaka pengo la saa 12 kabla ya mgongo kuguswa, ya dozi ya tiba saa 24. Pengo likiwa fupi, damu huweza kuvujia karibu na uti wa mgongo na kuubana. Taja saa uliyochomwa mara ya mwisho.

Rangi ya kucha ifutwe, na piko isipakwe vidoleni wiki za mwisho. Kipimo cha oksijeni hupitisha mwanga kwenye ncha ya kidole, na weusi huo huweza kukipotosha.

Wakati wa kuchomwa utakaa ukingoni mwa kitanda, kidevu kifuani, mabega yamelegea, kiuno umekitoa nyuma ili pingili ziachane. Ukitaka kukohoa, sema kwanza. Miguu hupata joto, halafu uzito. Presha ikishuka, kichefuchefu hutangulia. Sema hapo hapo, dawa yake hupitishwa kwenye mshipa. Ganzi hupimwa, mara nyingi kwa kitu cha baridi, kabla ya kisu. Utasikia kuvutwa na kusukumwa. Ukisikia maumivu makali, sema bila aibu, waongeze dawa au wabadili njia. Hakuna tuzo ya kuvumilia.

Ratiba ya dawa za baadaye iulizwe mapema, kwa sababu miguu huanza kurudi baada ya saa chache na maumivu hufuata. Kawaida ni parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, pamoja na ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, kwa saa maalumu, kabla kidonda hakijawaka. Zote mbili hazizuii kunyonyesha. Mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo au aliyevuja damu nyingi asimeze ibuprofeni bila daktari kuridhia.

Kulala bila mto hakuzuii kuumwa kichwa kunakoweza kufuata ganzi hii. Kichwa kikiuma ukikaa na kutulia ukilala, ndani ya siku chache za mwanzo, rudi hospitali, kuna tiba. Homa na shingo kukakamaa, au mguu uliokwisha kupata nguvu ukalegea tena, usingoje kupambazuke.