Gurudumu moja lenye friwili: tulivyolitengeneza Pasua kwa vyuma chakavu

Baiskeli ya kawaida ya gurudumu moja, krenki zake (mikono ya pedali) zimeshikana moja kwa moja na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Gurudumu likizunguka na miguu inazunguka, hata kwenye mteremko hupumziki. Mimi nilitaka ile ambayo ukishapata mwendo unatuliza miguu, gurudumu linaendelea lenyewe, na mlio wa friwili, zile sahani za meno za nyuma zinazoshika upande mmoja tu, unausikia chini yako. Mimi ni fundi wa mageti na madirisha hapa Pasua, Moshi, na hii ninayoieleza ni ya pili kuitengeneza. Ya kwanza iliniangusha, na sababu nitaieleza.

Kwa muuza vyuma chakavu tafuta baiskeli ya mtoto ya inchi 20, ya mtumba, yenye gia sita nyuma. Yangu niliitoa Kiborloni. Uma wa mbele ulikuwa umepinda, ndiyo maana iliuzwa kwa kilo, na uma hatuuhitaji. Tunachotaka ni gurudumu la nyuma lililonyooka, friwili, na yale mabomba mawili yanayotoka kwenye krenki kwenda kwenye ekseli. Ijaribu friwili kwa mkono: upande mmoja izunguke bila kukwama, upande wa pili ishike papo hapo. Ikiteleza hata mara moja iache, maana itakuachia ukiwa juu umekanyaga kwa nguvu zote.

Kisha tafuta krenki za baiskeli kubwa ya gia, zenye sahani tatu za meno. Sisi tunatumia ile ndogo ya ndani. Hesabu meno: yangu ina 28, na sahani kubwa kabisa ya friwili nayo ina 28. Kwa hiyo mzunguko mmoja wa mguu ni mzunguko mmoja wa gurudumu, kama mita moja na nusu hivi. Zote mbili ziko upande wa ndani, hivyo cheni inanyooka. Ukiweka sahani kubwa mbele utaona inakimbia, lakini kuanza kutoka kusimama itakushinda.

Sasa grainda. Kata mabomba yote yanayoingia kwenye bomba la krenki au yanayofika kwenye ekseli, isipokuwa yale mawili ya chini. Lile lililokuwa limeshika siti usilitupe: lisimamishe juu ya bomba la krenki, kwenye mstari mmoja na hayo mawili, halafu lichomelee. Ukiisimamisha fremu, gurudumu liwe chini, krenki katikati, siti juu. Kabla ya kuchomelea toa gololi na grisi yote, lakini vikombe vya zamani viache vimefungwa ili moto usiharibu nyuzi. Choma kidogo, hamia upande wa pili, acha ipoe. Weka na vipande viwili vya pembetatu kwenye maungio, maana uzito wako wote unakaa hapo.

Sehemu iliyoniangusha ni hii. Kwenye baiskeli, mfereji wa ekseli umelala, mdomo wake unatazama mbele. Ukiisimamisha fremu, mdomo unatazama juu. Ukikaa, uzito unasukuma fremu chini na ekseli inapanda ndani ya mfereji. Nilikaza nati kwa spana ndefu nikaamini inatosha. Siku ya tatu ekseli ilipanda kama sentimita moja, cheni ikalegea ikaruka meno, nikatua kwa viganja kwenye changarawe. Hakuna nati inayoweza kazi hiyo peke yake.

Dawa yake: kata vipande viwili vya flati bari (chuma bapa) ya milimita 4, urefu kama sentimita 8. Toboa tundu la milimita 10 upande mmoja, la ekseli. Kwenye kila bomba, juu kidogo ya mfereji, chomelea nati ya bolti ya spana namba 13 kwa nje. Funga gurudumu, vuta cheni mpaka ukiibonyeza katikati ichezee sentimita moja tu, hakikisha tairi limekaa katikati, ndipo uweke alama na kutoboa tundu la pili. Kipande kikibidi kikunje kidogo ili kilale vizuri. Ekseli ikitaka kupanda, bolti inaikatalia, na siku ya pancha unafungua bolti na gurudumu linatoka. Cheni ikirefuka, usirefushe tundu hilo kwa tupa, maana bolti haitaizuia tena ekseli: vuta cheni upya, kata vipande vipya na uvitoboe kwa alama mpya.

Usipande bila breki. Gurudumu la kawaida unalipunguza mwendo kwa miguu. Hili likishakimbia, miguu haina amri. Kwenye kile kichuma kinachounganisha mabomba mawili juu ya tairi toboa tundu, funga breki ya koleo yenye mikono mirefu inayofika kwenye ringi. Kishikio kiwe chini ya pua ya siti, kwenye kipande cha usukani ulichokichomelea kwenye bomba la siti. Siti yoyote itafaa. Pua yake iinue kidogo.

Kujifunza, shika ukuta. Mwili ukienda mbele, kanyaga. Ukirudi nyuma wakati unatembea, gusa breki: gurudumu linapungua mwendo na mwili unalifuata mbele. Guso tu, maana ukibana utarushwa kifudifudi. Vaa helmeti na glovu. Anza kwenye tambarare, kama barabara zetu za huku Pasua. Mteremko wa kutoka hospitali ya KCMC uache kwanza.

Mpwa wangu alikuwa anakimbia pembeni akiniita, “Mjomba, breki! Mjomba, kanyaga!” Jioni ya tisa nilituliza miguu. Nilihesabu moja, mbili, tatu, friwili inalia, kisha nikagusa breki nikashuka nimesimama.