Nyumba ya familia Mwanza: kuipendezesha pamoja na uwanja wake kwa fedha kidogo

Ndoo ya rangi ndiyo kitu cha kwanza wengi wanachonunua wakitaka nyumba ipendeze, na ndiyo iliyopaswa kununuliwa mwisho. Mwanza ni mji wa vilima na majabali. Maji ya mvua yanashuka kwa kasi, yanakwangua udongo kwenye msingi na kurusha matope ukutani. Nyumba ambayo msingi wake haukuwekwa nailoni ya kuzuia unyevu inanyonya maji kutoka chini. Ukuta wa namna hiyo ukiupaka rangi mwezi wa nane, kabla ya Pasaka imeshabanduka. Kwa hiyo kidogo ulichonacho kianze na maji, kiende kwenye lipu, ndipo kifike kwenye rangi. Bustani haili fedha nyingi, inakula jasho.

Kalenda nayo ina nguvu. Vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei, na kati ya Juni na Septemba ni kukavu. Mitaro, mawe na zege vifanyike Juni na Julai, lipu mapema Julai ili ipate muda wa kukauka, rangi Agosti na Septemba. Mashimo ya miti yachimbwe Septemba na miche iingie ardhini mvua za kwanza zikishaloanisha udongo.

Maji yanayotoka kilimani

Kama nyumba iko mteremkoni, Isamilo, Bugarika, Mabatini, Igogo na kwingineko, subiri mvua kubwa, vaa koti, utoke nje na vijiti. Chomeka kijiti kila mahali maji yanapoingilia kiwanjani, yanapotuama na yanapotokea. Hiyo ndiyo ramani yako, na haidaiwi ada ya fundi.

Upande wa juu wa nyumba, umbali usiopungua mita 2 kutoka ukutani, chimba mtaro wa kukinga: upana sentimita 40, kina 30. Kila mita moja ya urefu, sakafu ya mtaro ishuke sentimita 1. Ukiulaza kabisa, mchanga utajaa baada ya mvua chache. Ukiuinamisha zaidi ya sentimita 3 kwa mita, maji yataula udongo wetu wa kichanga na mtaro utageuka korongo. Mahali ambapo mwinamo mkali haukwepeki, panga mawe bapa chini na kingoni. Kupima, chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 10, ujaze maji bila kuacha povu la hewa. Ncha zote mbili zitaonyesha usawa mmoja hata kama kuna jabali katikati. Mdomo wa mtaro uelekee kwenye mfereji wa barabara au kwenye shimo lililojazwa mawe, si uani kwa jirani wa chini. Kesi za aina hiyo zimejaa kwa wenyeviti wa mitaa.

Mawe Mwanza ni bure au karibu na bure. Kinacholipiwa ni kuyabeba na kuyapasua. Yatumie kujenga kuta fupi za kukinga udongo, zisizo na saruji. Kule Ukara, kisiwa jirani na Ukerewe, watu wamelima mteremko kwa matuta ya mawe na samadi vizazi na vizazi, na udongo wao bado upo.

Ukuta wa mawe makavu usizidi sentimita 60 kwenda juu. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi. Chimba msingi wa sentimita 15 mpaka ufike udongo mgumu. Upana wa chini uwe sentimita 40. Mawe makubwa yatangulie chini, kila jiwe likae juu ya mawili ili viungo visifuatane kwenye mstari mmoja, na kila baada ya mita moja weka jiwe refu linaloingia ndani mpaka kwenye udongo. Uso wa ukuta ulale kuelekea mlimani, sentimita 10 kwa kimo cha 60. Nyuma yake jaza kokoto na vipande vidogo, upana wa sentimita 15, ndipo urudishe udongo. Wengi huruka hizo kokoto. Bila hizo, udongo uliolowa unavimba na kuusukuma ukuta, na masika ya kwanza tumbo lake linatokeza mbele. Ukimaliza, panda juu yake utembee: jiwe linalocheza litolewe na kupangwa upya, lisizibwe kwa kijiwe kidogo kwa nje.

Jambo moja halina mjadala: usichimbe chini ya jabali lililokaa juu ya nyumba, wala usitoe mawe madogo yaliyolizuia, hata kama yanafaa sana kwa ukuta wako.

Paa, gata na zege ya kuzunguka

Angalia misumari ya bati kwanza. Ule uliolegea usiupigilie tena kwenye tundu lilelile. Ung'oe, uweke mrefu zaidi wenye mpira, pembeni kidogo, na tundu la zamani lizibwe kwa lami. Gata iinamishwe sentimita 1 kila mita 2 kuelekea kwenye bomba la kushushia, na vishikio visiachane zaidi ya mita 1, la sivyo itapinda katikati na kuwa bwawa la mbu. Paa lenye eneo la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 15 linapokea lita 1,200, na hata ukitoa kinachopotea njiani linakupa lita 900 na ushee. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yamwage, yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, kwa hiyo lisikae kwenye udongo uliojazwa juzi. Litengenezee jukwaa la mawe na zege.

Kama gata haiwezekani mwaka huu, basi angalau zungushia nyumba mkanda wa zege wenye upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 7.5. Changanya saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Mita 10 za mkanda huo zinakula mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50. Uinamishe sentimita 2 kwenda nje, ukate viungo kila mita 2 ili usipasuke ovyo, na umwagilie maji siku saba ukiwa umefunikwa kwa magunia. Uso wa zege na udongo wa bustani ubaki chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Kurundika udongo wa maua ukutani ni kuualika unyevu na mchwa kwa pamoja.

Ukuta

Gonga lipu kwa mpini wa mwiko. Inapolia kitupu, imeachana na tofali. Ikate mpaka ufike sehemu inayolia nzito, safisha, lowesha, piga upya kwa saruji 1 na mchanga 4. Mfuko mmoja ni lita 35 hivi, kwa hiyo unachukua ndoo saba za lita 20 za mchanga, na kwa unene wa milimita 15 utafunika mita za mraba 8 hadi 9. Changanya kiasi cha kutumia ndani ya saa moja. Kuuongezea maji mchanganyiko ulioanza kukaza ndiyo sababu kubwa ya lipu inayotoka unga.

Mchanga upime mwenyewe. Jaza chupa ya plastiki nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, iache saa tatu. Tabaka la tope juu ya mchanga likizidi sehemu moja kwa kumi na mbili, mchanga huo urudishe au uoshe. Wa kuchotwa ufukweni uuache: una magamba ya konokono na tope, na tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Unga mweupe unaojitokeza chini ya ukuta ni chumvi inayoletwa na unyevu. Isugue ikiwa kavu kwa brashi ngumu, bila maji, kwa sababu maji yatairudisha ndani. Ufa mwembamba kama unywele unazibwa kwa puti. Ufa unaoanzia kona ya dirisha ukashuka kwa mshazari, weka alama za penseli kwenye ncha zake na uandike tarehe. Ukiwa umerefuka baada ya miezi mitatu, msingi unatembea, na hakuna rangi itakayouficha.

Rangi, ikibidi chokaa

Lipu mpya isubiri wiki nne. Ikipakwa mapema, magadi ya saruji yanakula rangi na kuacha mabaka.

Hesabu kabla ya kwenda dukani. Nyumba ya mita 10 kwa 8, kuta za mita 2.7: mzunguko 36 mara 2.7 ni mita za mraba 97. Toa milango miwili na madirisha sita, unabaki na 83 hivi. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 166. Kwenye lipu ya nje isiyo laini sana, lita moja ya rangi ya maji inafunika mita za mraba 8, kwa hiyo unahitaji lita 21: ndoo moja ya lita 20 na galoni moja ya akiba. Mkono wa kwanza uongezewe maji lita 1 kwa lita 5 ili uzame ukutani, wa pili uwe mzito. Fundi anayeyeyusha mikono yote miwili anakupunguzia gharama leo na kukurudisha dukani mwakani.

Wengi hupaka mkanda wa rangi ya mafuta chini ya ukuta ili matope yasionekane. Kwenye ukuta mkavu ni wazo zuri. Kwenye ukuta unaonyonya unyevu, rangi ya mafuta inaufungia ndani na baada ya muda inatoa malengelenge. Hapo tumia rangi ya maji, inayopumua, yenye rangi ya udongo au kahawia.

Fedha ikiwa haba kabisa, kuna chokaa. Loweka kilo 10 za chokaa kwenye lita 15 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza nusu kilo ya chumvi iliyoyeyushwa, kisha maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Lowesha ukuta, paka mikono mitatu myembamba, kila mmoja siku yake. Mkono mzito unapasuka na kumwaga unga kwenye nguo za watu. Ukipenda rangi ya udongo, ongeza unga wa oksaidi nyekundu usiozidi kilo 1. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, na inachoma macho, kwa hiyo vaa miwani.

Geti na nondo za madirisha: brashi ya waya mpaka kutu itoke, rangi ya kwanza ya oksaidi nyekundu (ya kuzuia kutu) siku hiyohiyo, rangi ya mafuta kesho yake.

Uwanja na bustani

Udongo wa vilima vyetu, luseni, ni mchanga wa mawe yaliyomong'onyoka: mwepesi kulima, haushiki maji wala mbolea. Unahitaji samadi iliyooza, ile isiyo na joto wala harufu na inayovunjika mkononi, ndoo moja kwa kila mita ya mraba. Juu yake tandaza makapi ya mpunga, unene wa sentimita 5, ukiacha nafasi ya sentimita 30 kutoka ukutani ili kuepuka mchwa. Walio karibu na ziwa wanaweza kutumia gugu maji: lianikwe mbali na maji mpaka likauke kabisa, likatwekatwe, lirundikwe kwa tabaka na samadi, ligeuzwe kila wiki tatu. Mboji hiyo ipeleke kwenye maua na miti badala ya mboga, maana gugu hilo hunyonya uchafu wa mji, na usiimwage karibu na bwawa wala mtaro.

Nyasi za kununua hazina sababu. Kata ukoka wa sentimita 15 wenye vifundo vitatu, uzike theluthi mbili yake, nafasi ya sentimita 20 kila upande, yaani vipando 25 kwa mita ya mraba. Mistari ikate mteremko badala ya kuufuata. Mvua ikichelewa, mwagilia asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Kwenye mteremko mkali panda matembele kwa nafasi ya sentimita 30: yanafunika udongo haraka kuliko ukoka, na mboga unachuma.

Maji ya kuogea yaelekeze kwenye migomba, kwenye mashimo ya sentimita 60 kila upande yenye ndoo mbili za samadi, mita 3 kutoka ukutani. Mwembe ukae mita 8 au zaidi. Kwa uzio, minyaa ni rahisi kuliko yote, ila utomvu wake ni hatari kwa macho. Penye watoto wadogo chagua michongoma.

Walio ufukweni, Igombe au Luchelele, wawazie wadudu wa ziwani. Rangi ya nje ikomee saa tisa alasiri ili iwe imekauka kabla hawajaja, vinginevyo ukuta utalala umejaa mbawa zilizonata. Taa ya nje iondolewe ukutani, ining'inizwe kwenye nguzo umbali wa mita 4 au 5 kutoka mlangoni, na iwe ya njano badala ya nyeupe.