Kuhesabu seli za kinga za makaki baada ya sindano ya IL-15

Ukimdunga makaki wa rhesus (kima wa maabara) IL-15, protini inayochochea seli za kinga, siku ya kwanza na ya pili limfosaiti (aina ya seli nyeupe za kinga) kwenye damu hushuka ghafla. Ni rahisi kudhani dawa imeziua. Hapana: nyingi zimetoka kwenye mishipa zikaingia kwenye mitoki (tezi za limfu), mapafu na tishu nyingine. Kati ya siku ya 4 na ya 7 hurudi kwa wingi, hasa seli za NK (wauaji wa asili) na seli T za CD8 za kumbukumbu zisizo na CD28 (CD ni majina ya alama zilizo juu ya seli), kisha hesabu huteremka taratibu kwa wiki mbili tatu. Ndiyo maana anayetoa damu siku ya 2 na ya 14 tu huukosa mkasa wote.

Toa damu mara mbili au tatu kabla ya dawa, halafu siku ya 1, 2, 4, 7, 10, 14 na 21, saa ileile ya asubuhi na kwa dawa ileile ya usingizi. Hofu na homoni za mkazo peke yake hubadili limfosaiti, kwa hiyo weka pia wanyama wanaodungwa maji ya chumvi. Mililita 2 kwenye tyubu ya EDTA, inayozuia damu kuganda, zinatosha. Makaki wa kilo 5 ana takriban mililita 300 za damu. Usivuke asilimia 10 kwa wiki mbili.

Seli hutambuliwa kwa kingamwili zenye rangi zinazoshika alama zao, kisha husomwa kwa mashine ya flow cytometry. Kingamwili zilizotengenezwa kwa seli za binadamu si zote zinazoshika seli za makaki. Kwa CD3, alama ya seli T, tumia kingamwili SP34-2. OKT3 haishiki kabisa. Kwa seli B tumia CD20. Seli za NK zitafute kwa CD3 hasi, CD8 alfa chanya na NKG2A chanya (kingamwili Z199). Usitegemee CD56, maana kwa makaki hukaa kwenye monosaiti (aina nyingine ya seli nyeupe), nawe utahesabu kundi lisilo lako. Ki-67, alama ya seli zinazogawanyika, imo ndani ya kiini: paka rangi za nje kwanza, imarisha seli kwa kemikali (fixation) na uzitoboe, ndipo uweke kingamwili yake.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuripoti asilimia peke yake. Tuseme kabla ya dawa kuna limfosaiti 3,200 kwa kila mikrolita, CD8 zikiwa asilimia 30: hizo ni 960. Siku ya 2 zimebaki 1,000, CD8 bado asilimia 30: ni 300. Asilimia haikutikisika, na theluthi mbili za seli hazipo. Weka shanga ndogo za kuhesabia, ambazo idadi yake inajulikana, kwenye mikrolita 100 za damu nzima. Gawa seli zilizosomwa kwa shanga zilizosomwa, zidisha kwa shanga zote za tyubu, gawa kwa 100.

Kutaka kujua zilikokwenda, kata kipande cha mtoki au osha mapafu siku ya 2 au 4. Dozi zikifuatana kwa karibu, mwitikio hufifia, hivyo chukua kipimo kipya cha mwanzo kabla ya kila sindano.