Kuchagua mtabanaji wa kampeni ya peke yako katika Dungeons & Dragons

Huu ni mchezo wa kusimulia hadithi kwa dadu; kampeni ni mfululizo wa visa vyake, na mtabanaji ni mhusika anayetumia uchawi. Mwongozo huu unafuata toleo la 5 la mchezo, kanuni za 2014. Kwa kuanzia huhitaji kununua kitabu: waraka wa kanuni za msingi, SRD 5.1, uliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons mwaka 2023 na unapatikana bure. Tuelewane maneno kwanza. Tabano ni kipande kimoja cha uchawi, na ukubwa wake ni daraja. Ukubwa wa mhusika wako ni ngazi. Nafasi ni chaji unayotumia kutabana. Kinga ni namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu ya pande 20 ndipo akupige.

Hatua ya 1: Jua kinachoua mtu aliye peke yake

Mapambano ya mchezo huu yamepimwa kwa kundi la wahusika watatu hadi watano. Peke yako una tendo moja kwa zamu, na maadui watatu wana matatu. Goblini, zimwi dogo la kuanzia, ana thamani ya pointi 50 za uzoefu. Kwa mhusika mmoja wa ngazi ya 1, pointi 75 ni pambano gumu na 100 ni la mauti. Kitabu cha msimamizi wa mchezo kinataka uzidishe pointi kulingana na idadi ya maadui, tena kundi likiwa na wahusika chini ya watatu unapanda kizidisho kimoja. Kwa hiyo goblini mmoja ni 50 × 1.5 = 75. Wawili ni 100 × 2 = 200, mara mbili ya kiwango cha mauti. Goblini wawili tu!

Halafu kuna kuanguka. Uhai ukifika sifuri unarusha dadu za kifo, na makosa matatu yanakumaliza. Kundini mwenzako anakuinua kwa tabano moja. Peke yako, adui aliye ndani ya futi 5 akikupiga umelala, hayo ni makosa mawili kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana anayechagua kwa kuangalia nani anaunguza maadui wengi zaidi huishia kutengeneza mhusika mpya kila jioni.

Hatua ya 2: Wachuje kwa maswali mawili

Je, anaweza kubadilisha matabano yake kila baada ya mapumziko marefu, yaani usingizi wa usiku? Je, anaweza kuvumilia kipigo?

Mchawi wa kuzaliwa (sorcerer) anaanza na matabano mawili ya daraja la 1 na anabadilisha moja tu anapopanda ngazi. Ukikosea mwanzoni, kosa linakufuata. Mchawi wa mkataba (warlock) ana nafasi mbili tu kuanzia ngazi ya 2 hadi ya 10, ingawa zinarudi kwa mapumziko mafupi. Malenga (bard) ni hodari mjini na kwenye mazungumzo, lakini orodha yake nayo haibadiliki kila siku. Mchawi msomi (wizard) anabadilisha, ila kutoka kwenye kitabu chake tu: matabano sita mwanzoni, mawili kila ngazi, na mengine kwa kunakili, saa 2 na dhahabu 50 kwa kila daraja. Isitoshe hajafunzwa kuvaa deraya.

Wanaobaki ni druidi (mchawi wa maumbile) na kuhani (cleric). Wote wanachagua upya kutoka kwenye orodha nzima ya klasi yao, yaani aina yao ya mhusika. Druidi anafaa sana kampeni ya porini: Goodberry inatoa matunda 10, na tunda moja linamshibisha mtu siku nzima. Lakini hakubali deraya ya chuma. Kwa kampeni ya kwanza, chukua kuhani.

Hatua ya 3: Mjenge kuhani wa Uhai

Uhai hapa ni tawi la ukuhani (Life). Kabila lake liwe dwafu wa vilimani. Panga namba za uwezo hivi kabla ya nyongeza za kabila: hekima 15, siha 14, nguvu 13, haiba 12, wepesi 10, akili 8. Baada ya nyongeza, hekima na siha zote zinakuwa 16. Deraya ya minyororo na ngao vinakupa kinga 18, na uhai ni 12. Goblini, anayeongeza 4 kwenye dadu, anakupata kwa asilimia 35. Mchawi msomi asiye na deraya, mwenye kinga 12, anapatwa kwa asilimia 65. Gharama ya deraya hiyo ni kwamba kunyemelea kunakuwa kugumu, minyororo inalia.

Unaandaa matabano manne, juu ya Bless (baraka) na Cure Wounds (kuponya majeraha) ambazo daima unazo. Anza na Healing Word (neno la kuponya), Shield of Faith (ngao ya imani), Sanctuary (kimbilio) na Guiding Bolt (mwale wa nuru). Bless inasaidia hadi watu watatu na wewe ni mmoja, kwa hiyo Shield of Faith, inayopandisha kinga hadi 20, ina faida zaidi. Zote mbili zinahitaji umakini, huwezi kuziendesha pamoja.

Hapa wengi wanakosea: mkono mmoja una ngao, wa pili una rungu, halafu wanatabana Cure Wounds. Haiwezekani. Tabano hilo linataka ishara ya mkono mtupu, na nembo takatifu kwenye ngao hailiokoi, kwani nembo husaidia tu matabano yanayotaka kifaa, na hili halitaki. Acha rungu kiunoni. Healing Word inataka sauti tu, ila ukiitumia, tabano jingine katika zamu hiyo ni lile dogo lisilokula nafasi, kama Sacred Flame (mwali mtakatifu).

Hatua ya 4: Panga ngazi ya 3 na ya 5

Ngazi ya 3 inaleta Spiritual Weapon (silaha ya kiroho), na hapo ndipo pengo la matendo linaanza kuzibika: inapiga kwa tendo la ziada, dakika nzima, bila umakini. Ngazi ya 5 unaongeza Spirit Guardians, roho walinzi wanaoumiza maadui walio ndani ya futi 15 pande zote. Katika kanuni za 2024 Spiritual Weapon inahitaji umakini, kwa hiyo usichanganye matoleo.

Hatua ya 5: Mjaribu kabla ya kuanza

Mpambanishe na goblini mmoja mara tatu ukitumia Sacred Flame pekee. Goblini ana uhai 7, nawe unamuunguza wastani wa pointi 2 na robo kwa mzunguko, kwa hiyo tarajia mizunguko minne hivi. Yeye anakutoa karibu 2, nawe una 12. Goblini wa pili akiingia, unapoteza karibu 4 kwa mzunguko na kazi yako inakuwa mizunguko minane. Kama hadithi yako inaanza na kundi la goblini, anzia ngazi ya 3.